Igizo la mahafali lisifutwe, lipimwe kama dawa

Msimu wa mahafali ya kidato cha nne umeingia. Kabla watahiniwa hawajakaa kwenye mtihani wa taifa wa Novemba, karibu kila shule ya sekondari hapa Tabora itakuwa na siku yake: turubai, viti vya kukodi, risala kwa mgeni rasmi, kwaya, keki na igizo. Msomaji wangu, leo tuzungumze kuhusu hilo igizo.

Nimealikwa mara kadhaa kutoa nasaha za afya kwenye shughuli hizi, na mvutano ninaousikia ni uleule. Wanafunzi wameandaa igizo la binti aliyepewa mimba, au la kijana aliyeambukizwa VVU, au la mtoto anayeingiliwa na ndugu wa nyumbani. Siku mbili kabla ya sherehe, mzazi mmoja analalamika kwamba hayo ni matusi. Mkuu wa shule anaingiwa na hofu, igizo linafutwa, na mahali pake linawekwa shairi la kuwaaga walimu. Kisha mwalimu wa Kiswahili ananiuliza pembeni: “Daktari, wewe unasemaje? Mambo ya wakubwa yana nafasi kwenye jukwaa la shule?”

Jibu langu ni ndiyo. Lakini ndiyo hiyo ina masharti, kama ilivyo kwa dawa yoyote ninayomwandikia mgonjwa. Dawa ileile inayoponya hudhuru ikitolewa kwa kipimo kisicho sahihi, kwa umri usio wake, au bila maelezo ya namna ya kuitumia.

Darasani wanasoma nini?

Kwanza, mzazi mwenzangu, fungua begi la mwanao. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wamesoma tamthiliya ya Kilio Chetu katika somo la Kiswahili. Kitabu hicho kilitolewa katika miaka ya 1990, na jina lililo kwenye jalada si la mtu bali la taasisi, Medical Aid Foundation. Ndani yake wakubwa wanabishana: watoto waelezwe habari za ngono na UKIMWI, au wasielezwe? Wakati wakubwa wanabishana, vijana wanaangamia. Wamesoma pia Orodha ya Steve Reynolds, inayomhusu binti Furaha aliyekufa kwa UKIMWI, na Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, ambamo karani wa sensa anaharibu kazi ya serikali kwa sababu ya mapenzi. Tukirudi nyuma zaidi, mwaka 1972 Penina Muhando alitoa Hatia, tamthiliya kuhusu binti aliyepata mimba kabla ya ndoa.

Na tusisahau kwamba Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora na baadaye akafundisha St. Mary’s hapahapa mjini, alitumia muda wake kutafsiri Shakespeare. Katika Juliasi Kaizari mtawala anachomwa visu hadharani na wanaume wazima wanajiua kwa panga zao. Hakuna aliyemwita Mwalimu mhuni kwa kutuletea kazi hiyo.

Kwa hiyo tunamtaka kijana wa miaka 17 ajibu swali la mtihani kuhusu mimba, UKIMWI na usaliti, apewe alama kwa kuyachambua, kisha tunamzuia kuyaigiza mbele ya wazazi wake. Anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, nani hasa anayelindwa hapo.

“Ukiwaambia umewafundisha”

Hofu kubwa ya wazazi ninaokutana nao ni hiyo: ukimwonyesha mtoto umemfungua macho. Ni hofu ya upendo, siidharau. Lakini kama daktari ni lazima niipime kwa ushahidi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, limekusanya tafiti kutoka nchi nyingi na kuzitolea mwongozo mwaka 2009 na tena 2018. Matokeo hayaungi mkono hofu yetu. Elimu ya afya ya uzazi iliyotolewa vizuri haiwafanyi vijana waanze ngono mapema. Mara nyingine inawachelewesha, na walioanza inawafanya wawe na tahadhari zaidi.

Upande wa pili tuutazame mkoa wetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba hapa Tabora, kati ya kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 43 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Wastani wa taifa ulikuwa 27. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa taifa umeshuka hadi 22, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, jiulize: wale 43 walifunguliwa macho na igizo gani?

Wale ninaowapokea wodini hawakufika pale kwa sababu ya igizo. Wengi walikuwa hawajui hata kuhesabu siku zao. Yupo anayeletwa na mama yake kwa maumivu ya tumbo, na kumbe mimba ina miezi saba. Mwili wa binti wa miaka 15 haujakomaa kwa kazi hiyo. Nyonga ni nyembamba, uchungu unakuwa pingamizi, na akicheleweshwa anaweza kupata fistula na kuvuja mkojo kwa miaka. Kifafa cha mimba nacho huwapata zaidi walio katika uzazi wa kwanza, hasa wenye umri mdogo. Hayo ndiyo matokeo ya kimya chetu. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mji wa njia panda

Tabora haijawahi kuwa mji wa kujifungia. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Unyanyembe, kisha njia ikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kupanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na vitambaa. Watu walipitishwa njia hiyohiyo wakiwa wamefungwa minyororo. Ndui nayo ilisafiri na misafara kutoka kambi hadi kambi. Reli ilifika mwaka 1912, ikaleta wageni wengine. Leo ni malori, wanunuzi wa tumbaku, mafundi wa ujenzi wa reli mpya, na bodaboda wanaowabeba wanafunzi wanaoishi mbali na shule ya kata. Ukienda Urambo, Sikonge au Kaliua utakuta watoto wa sekondari wamepanga vyumba karibu na shule kwa sababu nyumbani ni mbali. Wanajipikia, wanalala peke yao, hakuna mkubwa wa kuwauliza wametoka wapi.

Mtoto wa namna hiyo hahitaji kufichwa dunia, kwa sababu dunia inapita mlangoni kwake kila jioni. Anahitaji kuijaribu dunia hiyo kwanza mahali ambapo hawezi kuumia. Jukwaa ni mahali pa namna hiyo. Binti anayeigiza kumkatalia mwanaume anayempa simu anatamka maneno ya kukataa kwa kinywa chake, kwa sauti, mbele ya watu. Siku yakimfika kweli hayatakuwa mageni.

Sisi Watanzania tunao ushahidi wetu wenyewe kwamba mchezo hubadili tabia. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Walioukaribia utu uzima wakati huo wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo ule haukurushwa na mtambo wa Dodoma, kusudi watafiti waweze kulinganisha. Waligundua kwamba maeneo yaliyousikiliza, watu wengi zaidi walianza uzazi wa mpango, walipunguza idadi ya wapenzi na walitumia kondomu zaidi kuliko Dodoma. Mkwaju alikuwa mhuni, na uhuni wake ulisikika hewani nchi nzima. Lakini wasikilizaji waliona pia mwisho wake, na wakajifunza.

Wasiwasi wenye haki

Sasa niwageukie wanaopinga, maana wana hoja ambazo waandaaji wa maigizo wanazipuuza.

Hoja ya kwanza: kusoma si sawa na kuona. Kitabuni mhusika ni jina tu. Jukwaani ni Form Three B, jirani yako. Nimewahi kumhudumia binti aliyeigiza mjamzito kwa kufunga kanga tumboni. Aliigiza vizuri sana, na muhula mzima akaitwa “mama kijacho” hadi akaacha kwenda shule kwa wiki kadhaa. Alikuja kwangu akilalamika kichwa na kukosa usingizi. Kichwa chake hakikuwa na ugonjwa wowote.

Hoja ya pili: ukumbini wamo walioumizwa. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kila kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wavulana takriban mmoja kati ya saba. Hesabu mwenyewe viti vya ukumbi wenu. Mtoto aliyebakwa akimwona mbakaji jukwaani anachekesha watu, anapata somo baya kabisa: kwamba lililompata ni kichekesho.

Hoja ya tatu: mambo haya yanaweza kuleta madhara ya kweli, hasa suala la kujiua. Mwaka 2017 nchini Marekani ilitoka tamthilia ya televisheni iitwayo 13 Reasons Why, iliyomwonyesha binti wa sekondari akijiua. Watafiti waliona kwamba mwezi uliofuata vifo vya kujiua vya watoto wa miaka 10 hadi 17 viliongezeka. Bado wanabishana ni kiasi gani kilisababishwa na tamthilia hiyo, lakini mwaka 2019 waliyoitoa waliliondoa tukio hilo. Upande mwingine, watafiti wa Austria waliona kwamba habari za watu waliofikiria kujiua kisha wakavuka salama ziliambatana na kupungua kwa vifo. Suala ni lilelile. Kilichotofautiana ni namna lilivyosimuliwa.

Serikali nayo ina wajibu wa kuchora mstari. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 vya ziada shuleni kwa kuwa vinakwenda kinyume na maadili yetu. Mtu anaweza kukubali au kukataa orodha ile, lakini angalau ilitangazwa, tukajua kilichokatazwa na sababu yake. Igizo la mahafali hufutwa kwa simu moja ya jioni, bila sababu kuandikwa popote, na wanafunzi hawaelezwi.

Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha mahali ubishi wa wakubwa unapoweza kufika. Mwaka 2013 igizo la wasichana wa Butere, Shackles of Doom, lilizuiwa kwenda tamasha la taifa hadi Mahakama Kuu ikaingilia kati na kuruhusu lichezwe. Mwaka 2025 shule hiyohiyo ilikwenda Nakuru na Echoes of War, na siku ile ikaishia kwa polisi kurusha mabomu ya machozi. Kule ugomvi ulikuwa wa siasa, si wa ngono. Lakini macho yaliyowashwa yalikuwa hatarini kuwa ya watoto, na hicho ndicho ninachokiangalia kama daktari.

Kipimo cha dawa

Basi, mwalimu wangu, ukinipa andiko la igizo kabla ya mahafali, haya ndiyo nitakayoyaangalia.

Ukweli wa kitabibu. Hapa ndipo maigizo mengi huanguka. Bado tunaona mhusika mwenye VVU anakohoa, anakonda na kufa dakika ya kumi, kama adhabu ya dhambi zake. Kilio Chetu kiliandikwa wakati ambapo hali ilikuwa hivyo kweli. Tangu mwaka 2004 nchi yetu inatoa ARV bure. Anayezimeza vizuri anaishi, anasoma, anazaa. Virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo na akaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Ukumbini mmekaa na wanafunzi waliozaliwa na VVU, wanaomeza dawa kwa siri bwenini. Mkiwaonyesha kwamba mwisho wao ni jeneza, kuna atakayesema dawa za nini. Kwangu igizo la namna hiyo ni la hatari kuliko lolote lenye mapenzi ndani yake, na ajabu ni kwamba hilo ndilo wazazi hulipigia makofi.

Mwanaume aonekane. Katika maigizo yetu binti anapata mimba kama anayepata malaria. Aliyempa haonekani. Nani alimbeba kwa pikipiki? Nani alimnunulia chipsi? Sheria yetu inasema kufanya ngono na msichana chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama alikubali, na mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Wavulana walioko ukumbini wanapaswa kulisikia hilo, na mgeni rasmi pia.

Njia ya kutokea ionyeshwe. Igizo la ubakaji lisiishie kwenye kilio. Mhusika afikishwe hospitali ndani ya saa 72, maana baada ya hapo vidonge vya kuzuia VVU, vinavyomezwa kwa siku 28, havifanyi kazi. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura hutumika ndani ya siku tano, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Dawati la jinsia na watoto lipo polisi, na namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Mtazamaji mmoja akiondoka na namba 72 kichwani, igizo limefanya kazi ya kliniki.

Mbinu zisionyeshwe. Kama kuna kujiua, sumu isitajwe jina, kamba isionekane, barua ya kuaga isisomwe, na kifo kisionekane kuwa kimetatua chochote. Aonekane rafiki aliyeuliza na mtu mzima aliyesikiliza. Kadhalika, ngono haihitaji kuigizwa ili ieleweke. Mlango unaofungwa na taa inayozimwa vinatosha.

Aliyerudi shule asidhalilishwe. Tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Wapo mnaosoma nao. Igizo linalomcheka mama mwanafunzi linamtoa shuleni mtu ambaye serikali imemrudisha.

Waigizaji walindwe. Asilazimishwe mtu. Uhusika mgumu upewe mwanafunzi mkubwa aliyekubali mwenyewe, na mzazi wake aelezwe mapema. Mwisho wa onyesho waigizaji warudi jukwaani, kila mmoja ataje jina lake halisi na kidato chake. Ni jambo dogo, lakini linawavua uhusika mbele ya wote. Jina la utani likianza, mwalimu alikomeshe siku hiyohiyo.

Mhudumu wa afya awepo. Muuguzi wa zahanati ya jirani au mshauri wa shule akae mahali panapojulikana baada ya onyesho. Atajibu maswali ambayo mwanafunzi hawezi kuyauliza hadharani. Aliyetimiza miaka 15 anaweza kupima VVU bila kibali cha mzazi tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, na wengi hawalijui hilo.

Kwako mzazi

Mkuu wa shule, kabla hujalifuta igizo, lisome lote. Mwite mwalimu wa Kiswahili, mwite muuguzi, waite wanafunzi waliolitunga. Rekebisheni kinachorekebishika. Kama bado kuna tukio lisilofaa, liondoeni hilo tukio na muwaeleze wanafunzi sababu. Wakijua kwa nini, watajifunza jambo. Wakifutiwa kimyakimya, watajifunza kwamba mambo haya hayasemeki mbele ya wakubwa, na siku wakipatwa nayo hawatakuja kwetu.

Nawe mzazi, mimi pia ni mzazi, najua ilivyo kukaa karibu na mwanao huku jukwaani mtu anazungumzia kondomu. Unatazama chini, naye anatazama chini. Vumilia. Mkifika nyumbani, baada ya chakula, muulize swali moja tu: “Yule binti wa kwenye mchezo, wewe ungemshauri nini?” Hutakuwa umemuuliza habari zake mwenyewe, kwa hiyo hataogopa kujibu. Sikiliza mpaka amalize. Katika jibu lake utajua anachokijua, anachokiogopa, na kama kuna mtu wa kumpeleka hospitali kesho asubuhi, mpeleke.